Utumbo umejaa hewa, kizuizi hakuna: kwa mnaoanza wodi ya upasuaji

Wadogo zangu, kuna mgonjwa mtakutana naye tu. Tumbo limefura, anatapika, choo hakitoki, eksirei inaonyesha utumbo umetanuka, anapelekwa theatre, anafunguliwa, na kizuizi hakionekani. Anashonwa anaenda nyumbani, baada ya miezi huyo karudi vilevile, na kila akifunguliwa anaongezewa makovu ambayo nayo yanaweza kuziba kweli, hapo sasa hata bosi anakuna kichwa.

Hii inaitwa pseudo-obstruction, yaani utumbo unajifanya umeziba kumbe haujaziba. Huyu mfikirieni neva na misuli ya utumbo wenyewe. Misuli ina tabaka mbili, ya mduara kwa ndani na ya urefu kwa nje, katikati kuna mtandao wa neva wa Auerbach. Neva zikiharibika misuli inabana kwa nguvu zake zote ila bila mpangilio, kama wapiga makasia wenye mikono mizuri kila mmoja na wimbo wake. Misuli ikiwa ndo mgonjwa, mpangilio upo nguvu hamna. Halafu kuna seli za Cajal zinazoanzisha mdundo, nazo zinaweza kupungua. Kipimo cha presha ndani ya utumbo kinasaidia kutofautisha ila hospitali zetu nyingi hakipo, kwa hiyo kaeni na mgonjwa muongee.

Muulizeni mkojo, maana ugonjwa wa misuli wa kurithi, kama ule wa jeni ya ACTG2, unapenda kutanua na kibofu. Shikeni vidole, ngozi ikiwa ngumu imekaza wazeni skleroderma, ule ugonjwa wa kinga unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani. Kope zimelegea, kakonda sana na miguu ina ganzi, hapo wazeni ugonjwa wa mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli. Mvutaji sigara ambaye tumbo limemwanza ghafla ukubwani mpigeni picha ya kifua, kansa ya mapafu ya seli ndogo inaweza kuamsha kingamwili zikala neva za utumbo. Na maumivu yakizidi usiku msikimbilie mofini, inaulaza utumbo zaidi.

Sasa biopsi, kipande cha nyama cha kupima maabara. Kile kinyama cha endoskopi ni cha juu juu, hakifiki kwa Auerbach, inatakiwa unene wote wa ukuta. Kwa hiyo akifunguliwa kwa sababu yoyote ile mkumbusheni bosi akate kipande kabla hajafunga, na kwenye fomu ya maabara andikeni mnatafuta nini: neva, misuli, seli za Cajal kwa rangi ya CD117. Fomu iliyoandikwa "utumbo" tu inarudi na jibu la "utumbo" tu.