Wadogo zangu wa virusi bandia, VSV-G hairukwi

Juzi nilipita nyuma ya mdogo wetu mmoja aliyekuwa anapanga sahani ya kupima kama seramu, yaani maji ya damu yenye kingamwili, inazuia virusi bandia: chembe zisizozaliana zilizovikwa mwiba, protini ambayo Korona hutumia kuingia seli. Visima 96, sampuli zimejazana kama abiria wa daladala jioni. Nikamuuliza, "VSV-G iko wapi?" yaani chembe za kulinganishia, zilizovikwa protini ya virusi vingine viitwavyo VSV. Akajibu kwa adabu zote, "Dada, leo nimeiruka, nafasi haikutosha." Nikavuta stuli nikakaa. Maneno hayohayo niliyatamka mimi mwaka 2021, na yaliniliza. Basi nisikilizeni, mnaoanza.

1. Seli kwanza. HEK293T, seli za binadamu tunazootesha maabara, hung'oka kwa kitu kidogo, kwa hiyo mimina ubavuni mwa kisima, taratibu, kama unamnywesha mgonjwa uji. Pima maikoplazima, bakteria wadogo wanaochafua seli, hata kama seli zinapendeza machoni.

2. Soma lebo ya plasmidi, DNA ya kutengenezea mwiba. Mwiba uliokatwa amino asidi 19 za mkiani hukaa kwenye chembe kwa wingi kuliko mwiba mzima. Mavuno yachujwe kwa kichujio cha mikroni 0.45, kisha yagawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kuyagandisha nyuzi hasi 80. Nimewaona mkiyeyusha kichupa kimoja mara tatu kwa wiki. Jamani!

3. Kontroli, yaani visima vya kulinganishia. Seli tupu, virusi bila seramu, chembe zisizovikwa kitu, na chembe zilezile zilizovikwa VSV-G badala ya mwiba. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiruka.

Tulikuwa na seramu za utafiti wa jamii, zenye namba tu. Baadhi zilikusanywa 2018, kabla Korona haijajulikana. Nilizipasha nyuzi 56 kwa dakika 30, nikazizimua, nikachanganya na virusi bandia, nikamwaga juu ya seli zenye ACE2, mlango ambao mwiba hushika. Baada ya saa 48 nikasoma mwanga wa lusiferesi, kimeng'enya kinachowaka virusi bandia vikiingia seli. Seramu kadhaa za 2018 zilikuwa zimeuzima karibu wote. Moyo ulinienda mbio. Siku zile watu walikuwa wanauliza kwa nini vifo vilivyohesabiwa Afrika ni vichache, na mimi nikaona jibu limekaa kwenye sahani yangu: kingamwili za OC43 na NL63, ndugu za Korona wanaoleta mafua ya kawaida, zinatukinga! Nikachora grafu, nikawatumia wenzetu wa kliniki kabla sijarudia jaribio hata mara moja.

Kwenye kikao, mkuu wetu aliitazama grafu kwa muda mrefu, akauliza, "VSV-G nayo imezimika?" Sikuwa na jibu. Nikarudi benchi. Imezimika, kwa seramu zilezile. Sasa kingamwili ya mwiba itazuiaje chembe isiyo na mwiba? Virusi bandia vyetu ni vya aina ya lentivirusi, vina kiini cha HIV: ni lazima vinakili RNA yao kuwa DNA na kuipachika kwenye jenomu ya seli ndipo lusiferesi iwake, na ARV, dawa za HIV, zimetengenezwa kuzuia hatua hizohizo. Tenofovir, lamivudine, efavirenz, siku hizi dolutegravir. Kuzipasha hakuzidhuru. Nilichokiita kinga kilikuwa vidonge ambavyo watu walivimeza kwa uaminifu kila siku.

Kilichoniuma zaidi si grafu. Karatasi niliyoisambaza, yenye namba za sampuli, ilikuwa inaashiria nani anatumia dawa, siri ambayo hakuna aliyeturuhusu kuigusa. Niliomba nakala zote ziharibiwe, nikaenda kliniki mwenyewe kuhakikisha. Wale watu walitupatia damu yao kwa ajili ya swali la Korona, basi.

4. Visima vya pembeni hukauka, wekeni PBS, maji ya chumvi ya maabara. Mkihamia mfumo wa VSV, wenye kiini cha VSV badala ya HIV, ARV hazitawasumbua, ila mabaki ya VSV-G yazimeni kwanza kwa kingamwili yake, la sivyo yataingia seli bila kuhitaji mwiba nanyi mtadhani seramu imeshindwa. Na glavu, tafadhali. Chembe za VSV-G haziwezi kuzaliana, lakini huingia karibu seli yoyote ya binadamu.

Yule mdogo wetu amerudia sahani yake, safari hii VSV-G ina safu zake. Sampuli tatu zimezima vyote viwili. Hakumwonyesha mtu mwingine, amezifungia kwenye friza na kuniletea namba mkononi. Kesho asubuhi tutazipitisha kwenye safu ya protini A, kichujio kinachoshika kingamwili: IgG, yaani kingamwili zenyewe, zinase, dawa zioshwe zipite, kisha tupime upya.