Ukitazama vipindi vya kufufua redio za zamani, angalia kilichokatwa

Siku hizi wanaoniletea redio za zamani karibu wote wana kipindi cha televisheni walichokitazama. Wameona fundi wa Ulaya akifungua kasha la mbao lililojaa vumbi, akabadilisha vitu viwili vitatu, akawasha, muziki ukatoka, na mwenye redio akafuta machozi. Basi mtu anaishusha redio ya marehemu baba yake kutoka juu ya kabati, anapangusa vumbi, anaichomeka ukutani. Ikifika kwangu imeshatoa moshi.

Mimi mwenyewe navipenda vipindi hivi, na mengi ninayoyafanya mezani kwangu jioni nimeyapata humo. Ila jambo la maana kuliko yote ndilo linalokatwa kwanza, nalo ni kupima. Fundi ameinama, mshale wa mita ya kupimia umeme unasogea kidogo, anaandika namba, anahamia sehemu nyingine. Hakuna mtazamaji atakayekaa saa tatu kuangalia hilo, kwa hiyo mhariri analikata. Ukijifunza kwa kilichobaki tu, utaamini ufundi ni kubadilisha kitu na kuwasha.

Chukua The Repair Shop cha BBC, ambacho nadhani ndicho kinachojulikana kuliko vyote. Kilianza 2017 kwenye BBC Two, baadaye kikahamia BBC One. Hurekodiwa kwenye banda la kale katika jumba la makumbusho la Weald and Downland, West Sussex, na redio, gramafoni na mashine nyingine za umeme mara nyingi humwangukia Mark Stuckey. Kipindi kimoja hubeba vitu kadhaa, kwa hiyo redio inapata dakika chache. Usitegemee kujifunza umeme hapo. Jifunze namna wanavyompokea mwenye mali. Kabla bisibisi haijagusa kitu, wanamuuliza kilikuwa cha nani na anataka kirudi kwenye hali gani. Niliianza desturi hiyo kwa sababu yao, na imebadilisha kazi yangu. Kuna mama aliyenikataza kabisa kuigusa alama ya kuungua juu ya kasha, maana ni pale mumewe alipokuwa akiweka kikombe cha chai kila asubuhi akisikiliza taarifa ya habari. Ningepiga msasa na vanishi bila kuuliza, ningemharibia. Kwa hiyo uliza kwanza, na karatasi zilizobandikwa ndani au nyuma ya kasha zisibanduliwe hata kama zimechakaa. Mara nyingi huonyesha kila valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, inakaa wapi.

Ukitaka kuelewa kifaa kinavyofanya kazi, tafuta The Secret Life of Machines, cha Tim Hunkin na Rex Garrod, kilichoonyeshwa Channel 4 Uingereza kati ya 1988 na 1993. Si kipindi cha matengenezo, lakini fundi yeyote kijana angeanzia hapo. Kuna sehemu wanapaka unga wa kutu kwenye utepe wa kawaida wa gundi, wanarekodi sauti juu yake, na sauti inasikika. Ukishaona hivyo, kaseti haikutishi tena, maana unajua kinachopita mbele ya hedi, kile kisomeo cha kaseti, ni kutu iliyogandishwa kwenye plastiki. Hunkin mwenyewe ameviweka vipindi hivyo YouTube, kwa hiyo gharama ni bando tu.

Kisha kuna wale wa YouTube wasiokata. Paul Carlson wa Kanada, kwenye chaneli yake Mr Carlson's Lab, hukaa na redio moja kwa muda mrefu akieleza kwa nini anapima hapa na si pale. CuriousMarc na wenzake walifufua kompyuta ya kuongozea chombo cha mwezini cha Apollo, iliyotengenezwa miaka ya 1960. Walianza kazi hiyo 2018 na ikafanya kazi tena 2019. Walikagua vipande vyake na kuvipima kabla ya kuipa umeme. Vipindi vya namna hiyo vinachosha mwanzoni. Vumilia, kaa na daftari, kila fundi anapopima simamisha video ujiulize anatarajia namba gani. Akisema namba, linganisha na yako.

Sasa nirudi kwenye ile redio ya baba, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Redio ya valvu inayotumia umeme wa ukutani huwa na volti 200 hadi 300 za mkondo mnyoofu (DC) ndani yake, na kapasita zake kubwa, vipuri vya kutunza umeme, zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Chomoa, toa chaji kwa rezista, kipuri cha kupunguza mkondo, yenye waya zilizofunikwa vizuri, kisha hakikisha kwa mita. Usitumie bisibisi kupiga shoti kama wanavyofanya wengine mitaani.

Adui mkubwa zaidi ni kapasita ndogo za karatasi na nta. Mojawapo hupitisha sauti kwenda kwenye gridi, yaani mlango wa kuingilia sauti, ya valvu ya mwisho, na wakati huohuo huzuia volti za juu zisivuke. Miaka inapopita karatasi inanyonya unyevu, na kwa unyevu wa Tanga au Mombasa haichelewi. Volti zikianza kuvuja, valvu ya mwisho inavuta mkondo kupita kiasi, na transfoma ya spika inaungua. Kibaya ni kwamba redio inaweza kuwa inaimba vizuri muda wote huo. Ndiyo maana kapasita hizo nazibadilisha kabla ya kuwasha, hata kama mteja anasema mwaka juzi ilikuwa inafanya kazi. Kapasita za filamu ya plastiki za volti 630 zinafaa, ilimradi thamani yake ilingane au ikaribie sana ile ya zamani. Unaweza kuzipata kwenye vifaa vilivyokufa, lakini usifungue televisheni ya chogo kuzitafuta kama hujafundishwa, maana kioo chake nacho kinatunza chaji. Na kapasita za elektrolitiki, zile kubwa zinazobaki na chaji, nunua mpya, hizo za kuokoteza hazifai.

Unapowasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, zima. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea kwa tahadhari huku ukipima. Iwe balbu ya waya kweli, hizi za LED hazifanyi kazi hiyo. Za waya zinaanza kuadimika madukani, ukiziona weka akiba.

Redio zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zina hatari yake. Ndogo nyingi za valvu tano za miaka ya 1940 na 1950 hazina transfoma ya umeme. Nyuzi za joto za valvu zote zimefungwa mfululizo: tatu za volti 12, moja ya 50, moja ya 35. Jumla ni kama 121, yaani umeme wa kwao. Ukiichomeka kwenye 230 au 240 zetu, nyuzi zinakatika hapohapo. Hata ukitumia transfoma ya kushusha umeme, chasisi yake, bati linaloshikilia vipuri, inaweza kuwa imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani, na ukiigusa imekupiga. Zipo za Ulaya pia za namna hiyo. Tumia transfoma yenye koili mbili zilizotengana kabisa, na uliza kabla ya kununua, kwa kuwa nyingi za kushusha umeme zinazouzwa mitaani hazikutenganishwa.

Ombi ninaloletewa sana ni kuunganisha simu kwenye redio ya zamani, kwa sababu stesheni nyingi anazotaka mtu ziko FM na redio yenyewe ina masafa ya kati na mafupi tu. Kwenye redio yenye transfoma halisi inawezekana na inapendeza. Kwenye redio ya chasisi yenye umeme nakataa, hata mteja akiongeza bei. Waya wa kuunganishia simu unaweza kuupeleka umeme wa ukutani hadi kwenye simu iliyo mkononi mwa mtoto.

Redio za transista, zisizo na valvu, ni rafiki zaidi, na pengine ndizo mwanafunzi aanze nazo. Huku kwetu zimejaa National za Matsushita, kampuni iliyofungua kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960. Fungua sehemu ya betri kwanza. Ute wa betri za alkali usafishe kwa siki au limau, wa betri za kawaida za zinki kwa maji yenye baking soda kidogo, kisha kausha vizuri. Redio za Ulaya za miaka ya 1960 zenye transista AF117 na ndugu zake zina ugonjwa wa pekee: ndani ya kopo la transista huota nyuzi nyembamba sana za bati zinazogusana na sehemu zisizotakiwa. Transista hiyo ina miguu minne. Mara nyingi ukikata ule mmoja ulioungwa na kopo, redio inaamka. Nilijifunza hilo kwa kutazama, na ni faida ambayo vipindi hivi vimewapa mafundi wengi walio mbali na vitabu.

Redio kaseti sina mengi ya kusema: mikanda ya mpira hugeuka lami, isafishe yote kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, ndipo uweke mpya.

Ukimaliza kazi, andika karatasi: tarehe, kapasita ulizobadilisha na thamani zake, waya uliohamisha, na volti ulizopima kwenye kila valvu. Ikunje uiweke ndani ya kasha, mbali na valvu kwa sababu zinachoma. Vipuri ulivyotoa mkabidhi mwenye redio kwenye bahasha, atupe mwenyewe akitaka. Siku redio ikinyamaza tena, zile volti ndizo za kwanza kulinganisha.