Seminari Mbili Zikitaka Kuwa Moja: Majibu kwa Wanafunzi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko masomoni Marekani na Ulaya, ambako seminari zenye wanafunzi wachache zinaungana au zinahamia ndani ya vyuo vikubwa. Seminari za Kilutheri za Gettysburg (iliyoanzishwa 1826) na Philadelphia (1864) ziliungana tarehe 1 Julai 2017 na kuitwa United Lutheran Seminary. Mwaka huohuo Andover Newton ya Massachusetts iliingia ndani ya kitivo cha teolojia cha Yale. Maswali yanayofanana tumeyajibu pamoja.

Bwana Yesu asifiwe. Niko mwaka wa pili wa M.Div. (shahada ya uzamili ya kuandaa wachungaji). Bodi yetu inazungumza na seminari iliyo mwendo wa saa tatu kwa gari, na imetupa wiki tatu tutoe maoni. Wenzangu wengi wanaandika tu kwamba hawataki. Je, maoni ya wanafunzi husikilizwa?
*Mwanafunzi, Marekani*

Asifiwe sana, ndugu yetu. Husikilizwa pale yanapogusa jambo ambalo bodi haijaliamua bado. Habari ikishafika kwa wanafunzi, hesabu za fedha kwa kawaida zimekwisha kupigwa: mfuko wa wakfu unachotwa kuliko unavyozaa, mabweni yamebaki nusu tupu, na paa la kanisa linadai matengenezo. Barua ya "hatutaki" itasomwa kwa heshima, kisha itawekwa kwenye faili. Yanayobaki wazi ni ratiba, mahali pa kufundishia, wasimamizi wa tasnifu na ufadhili. Hayo ndiyo yatakayokuumiza au kukuokoa, kwa hiyo elekezeni nguvu zenu huko.

Anzeni na orodha. Kila mwanafunzi aandike amebakiza krediti (vipimo vya uzito wa kozi) ngapi, kozi zipi za lazima, kama ana familia au kazi inayomfunga mahali, na nani anamlipia. Chama cha Marekani kinachotoa ithibati kwa shule za teolojia, ATS, kinataka M.Div. isipungue krediti 72 za muhula. Seminari nyingi hudai zaidi ya hapo, na kila moja huzigawa kwa namna yake. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa matatizo.

Chukueni Kiebrania. Tuseme kwenu hufundishwa kila mwaka, na kwa wenzenu hufundishwa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata. Bila Kiebrania huruhusiwi kuingia ufafanuzi wa Agano la Kale, na bila kozi hiyo hupelekwi usharikani kwa mwaka wa mafunzo ya vitendo. Kozi moja iliyokosa nafasi kwenye ratiba inakurudisha nyuma mwaka mzima, pamoja na kodi ya nyumba na bima ya afya ya mwaka huo. Mfano wa namna hii, ukitaja kozi kwa jina na idadi ya wanafunzi watakaoguswa, mjumbe wa bodi hawezi kuupita.

Kisha andikeni waraka mmoja wa kurasa mbili, upite kwenye serikali ya wanafunzi, uombe majibu ya maandishi kabla ya kura. Ulizeni kama mtamaliza kwa masharti ya katalogi (kitabu cha kozi na masharti ya chuo) ya mwaka mlioingia. Ulizeni kozi za lazima zitafundishwa wapi. Gettysburg na Philadelphia ziliendelea na kampasi zote mbili, na kati yake kuna takriban kilomita 200 kwa barabara, kwa hiyo "tutabaki na kampasi zote" si jibu kamili mpaka mjue somo lipi liko wapi, siku gani, na nani analipia malazi ya wanaosafiri. Ulizeni pia kama ufadhili wenu umeandikwa kwa jina la seminari ya sasa au utahamia kwenye taasisi mpya. Fedha nyingi za wakfu zimefungwa na masharti ya waliozitoa, na kuyabadilisha huweza kuhitaji idhini ya mahakama.

Wanafunzi huliandika sana suala la kuuzwa kwa majengo. Tunaelewa uchungu wake, maana kanisa dogo mnalosalia kila asubuhi si matofali tu. Lakini msiliweke mwanzoni mwa waraka. Likitangulia, waraka wote utasomwa kama barua ya huzuni, na maswali ya ratiba yatapotea chini yake.

Nina viza ya F-1 (ya mwanafunzi) na nimekuja na mke na watoto. Seminari zikiungana, viza yangu inakufa?
*Msomaji kutoka Arusha, sasa Marekani*

Haifi kwa muungano peke yake. Hadhi yako ya kukaa inategemea rekodi yako katika SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na hati ya I-20 unayopewa na chuo, na hizo hushikwa na chuo kilichoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Chuo kikibadilisha jina, umiliki au kampasi, kinapaswa kurekebisha taarifa zake za idhini kwenye fomu I-17. Mwulize afisa wa wanafunzi wa kigeni mambo mawili: fomu hiyo itarekebishwa lini, na kama kampasi utakayosomea itakuwa imetajwa ndani yake. Utakapopewa I-20 mpya, hakikisha za mke na watoto zimetolewa pia, na usizitupe za zamani.

Yapo matatu yanayowanasa watu. La kwanza ni masomo ya mtandaoni. Baada ya muungano kozi nyingi huhamishiwa huko, lakini kwa mwenye F-1 ni kozi moja tu, isiyozidi krediti tatu, inayohesabiwa kwa muhula katika kutimiza masomo ya muda wote. Ratiba mpya ikikuachia kozi mbili za darasani na mbili za mtandaoni, piga kelele kabla muhula haujaanza. La pili ni anwani: ukihamishwa bweni una siku 10 za kutoa taarifa. La tatu ni mwaka wa vitendo usharikani, ambao kwa kawaida huhitaji idhini ya CPT, yaani ya mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya masomo, iandikwe kwenye I-20. Idhini hiyo ikifikia miezi 12 ya muda wote, unapoteza haki ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu kwa ngazi hiyo ya shahada. Mpangilio mpya ukirefusha mafunzo yako ya vitendo, hesabu miezi kabla ya kusaini.

Ukiamua kuhama chuo kabisa, rekodi yako ya SEVIS ihamishwe na vyuo vyenyewe, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Usikatishe masomo kwanza ndipo uombe uhamisho.

Cheti changu kitakuwa na jina gani?
*Msomaji, Connecticut*

Jina la taasisi yenye mamlaka ya kutoa shahada siku unapohitimu. Andover Newton, kwa mfano, imekuwa programu ya malezi ndani ya Yale, na shahada inatolewa na Yale. Kwa anayerudi nyumbani, hili lina uzito: dayosisi yako, na tume ya vyuo vikuu (TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya) kama utataka kufundisha, watataka kuona ithibati ya taasisi iliyoandikwa kwenye cheti. Omba barua ya msajili inayoeleza kwamba taasisi ya zamani na mpya ni mwendelezo mmoja, yenye tarehe ya muungano, na uiambatanishe na cheti daima.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni frateri wa jimbo moja la Tanzania, nimetumwa kusoma Italia. Seminari ninamoishi inataka kuunganishwa na ya jimbo jirani. Je, nitakuwa chini ya askofu wa huko? Na malezi niliyokwisha kupata yatahesabiwaje?
*Frateri, Italia*

Milele amina, Frateri. Askofu wako habadiliki. Kuunganisha nyumba za malezi hakugusi jimbo lako, na kuingizwa rasmi katika jimbo huja kwa daraja la ushemasi (kanuni ya 266 ya Sheria za Kanisa Katoliki). Seminari ya majimbo kadhaa haiwezi kuanzishwa bila Kiti Kitakatifu kuthibitisha kuanzishwa kwake na katiba yake (kanuni ya 237), kwa hiyo una muda, na una haki ya kuuliza katiba hiyo inasemaje kuhusu wageni kama wewe.

Jambo la kushika mapema ni kumbukumbu zako. Kabla ya daraja, askofu huhitaji ushuhuda wa gombera (mkuu wa seminari) kuhusu sifa zako (kanuni ya 1051). Gombera mpya aliyekaa nawe miezi sita hawezi kuandika mengi kuhusu miaka minne iliyopita. Mwombe gombera wa sasa akamilishe taarifa za kila mwaka na kumtumia askofu wako nakala kabla nyumba haijafungwa. Hakikisha pia kuna maandishi ya tarehe uliyopewa huduma za usomaji na utumishi wa altareni, maana lazima ipite angalau miezi sita kati ya huduma ya altareni na ushemasi. Yale uliyozungumza na mlezi wako wa kiroho hayahamii popote. Kanuni ya 240 inakataza kabisa kuuliza maoni ya mlezi wa kiroho au muungamishi katika kuamua nani apewe daraja au aondolewe. Ukiombwa kusaini karatasi inayoruhusu "taarifa zote" kuhamishwa, omba iandikwe wazi kwamba hayo hayamo.

Tukiungana na kanisa jingine, mapokeo yetu hayatamezwa?
*Mwanafunzi wa teolojia, Kenya*

Angalieni Limuru. Shule iliyoanza Frere Town, Mombasa, mwaka 1903 chini ya Waanglikana ilihamia Limuru mwaka 1930, Wapresbiteri na Wamethodisti wakajiunga, na mwaka 2007 ikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Makanisa hayo yote yapo mpaka leo, kila moja na liturujia yake. Linaloamua ni kama kozi ya liturujia na katiba ya kanisa lenu imeandikwa kuwa ya lazima kwa wanafunzi wenu, na kama mshahara wa mwalimu wake una chanzo kinachojulikana. Kozi ya hiari inayofundishwa na mwalimu wa muda ndiyo ya kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Nilihitimu zamani. Je, muungano unanihusu?
*Mchungaji, Mbeya*

Unakuhusu, Mchungaji. Omba sasa nakala mbili za transkripti (hati ya matokeo yako), zikiwa ndani ya bahasha zilizofungwa kwa muhuri wa msajili, na mihtasari ya kozi zako kama bado ipo. Kama una anwani ya barua pepe ya chuo, hamisha yaliyomo kabla ya tarehe ya muungano, kwa kuwa mifumo miwili ya kompyuta ikiunganishwa, akaunti za wahitimu huenda zikafungwa.