Sakafu ya gari ikioza, usikimbilie kuuza

Wiki hii kijana mmoja wa Sengerema ameniandikia. Ana pikapu ya zamani, kila akijaribu kuchomelea sakafu bati linatoboka, na fundi amemshauri aiuze kama chuma chakavu. Nilikasirika kusoma ujumbe ule, maana mimi nami niliambiwa hivyohivyo.

Pikapu yangu ilianza kazi kwa kubeba sangara kutoka mialoni kwenda viwandani hapa Mwanza. Miaka yote hiyo maji ya barafu yalichuruzika, yakatuama chini ya mpira wa sakafu. Nilipoinunua nikaipeleka gereji moja. Wakapaka puti juu ya kutu, wakapiga rangi, wakachukua hela yao. Masika yalipofika puti ikabanduka vipande vipande, nikawa naiona barabara katikati ya miguu yangu. Kurudi kwao, wakacheka: "Mzee, hilo gari limeshakwisha." Maneno yale yananiuma hadi leo. Nikajifunza kuchomelea mwenyewe, na gari lililokwisha linabeba saruji mpaka sasa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi. Fimbo ya milimita 2.5 wanayochomelea mageti ina moto mwingi mno kwa bati hilo. Tafuta mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya na kupuliza gesi ya kuikinga weldi, yenye waya wa milimita 0.6, hata ya kukodi. Halafu kata. Kata mpaka ukute chuma kizima kinachong'aa, hata kama tundu litakutisha. Kutu haichomeleki.

Kiraka kiwe bati la geji 20, yaani karibu milimita 0.9. Mabati ya kuezekea achana nayo: ni membamba, na moshi wa zinki yake utakulaza na homa. Ukianza, usivute mstari. Piga nukta moja, hamia upande wa pili, kisha katikati. Usiweke nukta jirani mpaka ile ya kwanza ipoe kiasi cha kuishika kwa mkono. Ukiwa na haraka, bati linapinda na hulinyooshi tena.

Pakitoboka, mimi huweka nyuma yake kipande cha bomba la shaba la friji, nililolipondaponda kwa nyundo likawa bapa. Chuma kinajaza tundu, shaba haishikani nacho, unaiondoa.

Na upepo! Alasiri ziwa likianza kupuliza, gesi inapeperushwa na weldi inajaa vitundu kama sponji. Chomelea asubuhi, au tundika turubai.

Kabla ya yote toa waya hasi wa betri, ng'oa mazulia, shusha tangi la mafuta kama liko karibu, na mtu akae kando na ndoo ya maji akichungulia chini ya gari. Lami ya chini ya gari huwaka bila wewe kuona.

Vijana, acheni kukubali kila anachosema mtu mwenye gereji. Anayekwambia uuze mara nyingi hataki kazi ya kukata. Hata umbali si kisingizio, daraja la Kigongo–Busisi la kuvuka ziwa toka Sengerema limefunguliwa tangu 2025 na foleni ya kivuko imekwisha. Njoo Nyakato, hapa Mwanza, nitakuonyesha.

Ukimaliza, saga, paka praima pande zote mbili siku hiyohiyo, ziba maungio kwa silanti, kisha lami kwa chini. Mpira wa sakafu usiurudishe mpaka vyote vikauke.