Maswali ya Wasomaji: Kupanga Nyumba Ndogo Ukiwa na Watoto

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi vijana wa Dar es Salaam wanaohama chumba kimoja kutafuta nafasi kidogo, wakiwa na mtoto mgongoni na dalali kwenye simu. Tumechagua tano.

Shikamooni. Tuko wanne: mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 4 na wa miezi 7. Tumeonyeshwa nyumba ya vyumba viwili kwa 200,000 kwa mwezi. Dalali anasema kuna mtu mwingine anaitaka, kwa hiyo tulipe leo miezi sita. Tukague nini kabla ya kutoa hela?
*Mama wa Wawili, Tabata*

Marahaba, mama. Msilipe leo. Kodi ya miezi sita ni 1,200,000, dalali naye atataka mwezi wake mmoja, 200,000, kwa hiyo mnatoa 1,400,000 kabla ya gari la kuhamisha vyombo. Hela ya namna hiyo haitoki mfukoni kwa neno la dalali, hata akiwa mtu mwema.

Anzeni na mwenye nyumba. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize nyumba ile ni ya nani, maana mwenyekiti na wajumbe wake kwa kawaida wanajua. Utapeli uliozoeleka ni wa mtu mwenye ufunguo, mara nyingine mpangaji anayehama, kupokea kodi ya nyumba moja kutoka kwa watu watatu kisha akazima simu. Nyumba ya urithi ina mtego wake: kaka anapokea kodi leo, mwezi ujao dada anakuja kusema hamkumlipa mwenye haki. Mkiambiwa mzee alishafariki, ombeni kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kisha mlipeni huyo, kwa akaunti au namba ya simu yenye jina lake, na mpewe risiti.

Kwenye nyumba yenyewe, mkague maji kabla ya rangi na tailizi. Chukueni ndoo ya lita 20, mfungue bomba la jikoni, mwangalie saa. Ikijaa ndani ya dakika tano mko vizuri. Ikifika dakika kumi, kufua nguo za mtoto kutakuwa mateso. Ulizeni kama maji yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, kwenye simtanki, au kisimani, kisha myaonje. Maji ya kisima sehemu nyingi za jiji yana chumvi, kwa hiyo ya kunywa na kupikia mtanunua kila siku. Kama kuna simtanki, ulizeni ni la lita ngapi na linahudumia kaya ngapi. Familia yenye mtoto mchanga inatumia madumu kumi kwa siku bila shida, yaani lita 200. Tanki la lita 1,000 kwa kaya nne linawapa lita 250 kila kaya, siku moja na kidogo, na mgao ukija mnakauka. Ulizeni pia pampu inakula umeme wa nani.

Kisha kuta. Tazameni sehemu ya chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Rangi ikiwa inabanduka na kuna unga mweupe kama chumvi, unyevu unapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuzuiwa maji. Kupaka rangi hakuponyi, msimu mmoja tu na unga umerudi. Mkikuta nusu mita ya chini imepakwa rangi mpya na juu ni ya zamani, mmeshapata jibu. Kwa mtoto wa miezi 7, chumba chenye ukungu ni kifua kisichoisha, msikichukue. Alama ya duara la kahawia kwenye dari ni habari ya bati linalovuja, na hilo fundi anaweza kulirekebisha. Mwambieni mwenye nyumba alimalize kabla hamjalipa.

Masika, yaani Machi hadi Mei, ndiyo mtihani wa eneo. Hata kiangazi mnaweza kuusoma: angalieni vizingiti vya milango ya majirani. Kama vimeinuliwa kwa matofali mawili matatu, maji huwa yanaingia ndani. Rudini pia usiku, saa mbili au tatu. Baa, karakana ya kuchomelea na mbu wa mtaro havionekani saa nne asubuhi.

Mwisho, ombeni namba ya mita ya LUKU na mnunue umeme wa shilingi 5,000 palepale. Usomeni ujumbe wote. Kwa bei tunazozijua, mita ya matumizi ya kawaida inatoa uniti kama 14, na mita ya matumizi madogo inatoa kama 41. Mkipata chini ya hapo, kuna kitu kimekatwa: kodi ya jengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, au deni la aliyewatangulia. Deni hilo lisafishwe na mwenye nyumba kabla hamjahamia.

Wapangaji watatu tunatumia mita moja na tunachanga sawa. Mimi nina taa, feni na redio. Jirani ana friji, jagi la umeme na anapiga pasi kila asubuhi. Nikilalamika naonekana mchoyo. Tugawane vipi kwa haki?
*Baba Nasra, Mbagala*

Hesabu inaondoa ugomvi kuliko maneno. Kila kifaa kimeandikwa wati zake nyuma au chini. Zidisha wati kwa saa kinazotumika kwa siku, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. Feni ya wati 60 kwa saa kumi ni uniti 0.6. Taa ya wati 9 kwa saa sita haifiki hata uniti 0.1. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni uniti 0.5, na jagi la wati 2,000 likichemsha robo saa kwa siku ni 0.5 nyingine. Friji ni kesi yake, inajiwasha na kujizima, kwa hiyo soma matumizi ya siku au ya mwaka kwenye karatasi yake. Kaeni pamoja, andikeni vifaa vya kila mmoja, na kila mtu achange kwa uwiano wa uniti zake. Uniti ya kawaida, pamoja na VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA) asilimia 1, ni kama shilingi 356.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaioni. Mita ya matumizi madogo inauza uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kabla ya tozo, na kila uniti inayozidi hapo ni 350. Kaya moja yenye feni na taa inabaki ndani ya 75 kwa raha. Kaya tatu kwenye mita moja zinapita, na wote mnalipa bei ya juu, wewe ukiwemo.

Dawa ya kudumu ni submita kwa kila mpangaji. Fundi umeme mwenye leseni anaifunga baada ya mita kuu, na kila mwisho wa mwezi mnasoma namba mbele ya wote. Mwenye nyumba akikataa kugharamia, mwombeni mnunue ninyi na gharama ikatwe kwenye kodi. Makubaliano hayo yaandikwe. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Ikikatwa kwenye umeme wenu, tunzeni ujumbe mumpelekee.

Tumelipa miezi sita, tumekaa mitatu. Mwenye nyumba ametupa wiki mbili tuhame, anasema mwanawe anarudi kuishi hapo. Amesema tusipotoka ataezua bati. Mkataba ni wa mdomo. Tuna mtoto anayesoma darasa la kwanza hapa karibu. Tuna haki gani?
*Wapangaji, Kimara*

Mna haki ya kukaa muda mliolipia, na hana ruhusa ya kuezua bati, kung'oa mlango, kukata umeme wala kutupa vyombo nje kwa mkono wake. Kumtoa mpangaji kwa nguvu kunahitaji amri ya chombo cha kisheria.

Fanyeni hivi kwa mpangilio. Leo hii kusanyeni ushahidi wa malipo: ujumbe wa simu, risiti, majina ya waliokuwepo. Mwandikieni mwenye nyumba barua fupi ya heshima mkitaja tarehe mliyolipa, kiasi, na mwezi muda unapoisha. Bakini na nakala. Pelekeni nakala nyingine kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mwombe awaite wote wawili, maana kesi nyingi za namna hii huishia kwenye benchi la ofisi yake. Ikishindikana hapo, nendeni Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Lisipowapatanisha ndipo shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bati likiguswa kabla ya hapo, piga ripoti polisi siku hiyohiyo.

Lakini tupime pia maisha. Kama kweli anataka nyumba yake, mnaweza kukubaliana kuondoka mapema kwa bei: arudishe kodi ya miezi mitatu iliyobaki, alipe dalali wa nyumba mpya na gari la kuhama, na asubiri hadi likizo ya shule ili mtoto asikatishwe masomo katikati ya muhula. Hela ipokelewe kabla ya kukabidhi ufunguo. Ikipokelewa baada, mtaifuata mpaka mchoke.

Mkataba wa nyumba inayofuata uwe wa maandishi, hata ukurasa mmoja: majina na namba za NIDA za pande zote, kodi na muda, notisi ya miezi mingapi, nani anatengeneza nini, maji na umeme vinalipwaje, dipoziti inarudi lini, idadi ya watu mtakaoishi. Hapo chini andikeni namba iliyosomwa kwenye mita ya maji siku ya kuingia. Mashahidi wawili, na mhuri wa serikali ya mtaa.

Kila nyumba nikitaja watoto watatu naambiwa imeshachukuliwa. Niseme ninaye mmoja tu?
*Mama Junia, Sinza*

Hapana. Ukigundulika umempa mwenye nyumba sababu ya kukutoa, na watoto wataishi kwa kufichwa. Sema idadi na umri mapema, kwenye simu, kabla hujalipa hela ya kuonyeshwa. Kinachowatisha wenye nyumba ni kuta kuchorwa, choo kuziba na kelele za mchana. Jitolee kuandika kwenye mkataba kwamba utapaka rangi ukiondoka na kuzibua choo kikizibwa na watu wako. Nyumba yenye uwanja na wapangaji wengine wenye watoto itakukubali haraka kuliko apatimenti ya ghorofani yenye tailizi nyeupe.

Tumepata chumba na sebule, ghorofa ya pili. Chumba ni futi 10 kwa 10. Watoto wana miaka 7, 4 na mmoja na nusu. Tutalala vipi, na balkoni inanitia hofu.
*Mama Rayan, Kariakoo*

Hofu yako ni ya haki, tuanze na hiyo. Pima nafasi kati ya nondo na nondo za balkoni kwa rula: isizidi sentimita 10. Ikizidi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapenyeza kiwiliwili, kichwa kinakwama au kinapita. Fundi achomelee nondo za katikati za wima. Za kulala zinageuka ngazi. Ndoo, viti na matenki visikae balkoni, kwa sababu ndivyo vinavyompandisha mtoto. Madirisha ya kusukuma yawe na grili, na kama grili ina mlango wenye kufuli, ufunguo ukae ndani, ukutani, juu ya mkono wa mtoto, mahali ambapo mtu mzima ataupata gizani moto ukitokea.

Kulala: kitanda cha 5 kwa 6 cha wazazi na mtoto mdogo kikae chumbani. Deka, yaani kitanda cha ghorofa, ya futi 3 kwa 6 iende sebuleni, ukutani, au chumbani kama mlango utafunguka wote. Wa miaka 7 alale juu, wa miaka 4 chini. Chini ya miaka sita asilale juu. Kingo za juu zipite godoro kwa sentimita 13 au zaidi, kwa hiyo usinunue godoro nene la inchi nane kwa kitanda cha juu. La inchi nne linatosha. Na tazama dari: feni ya panga ikiwa karibu na deka, mtoto akiinuka au akinyoosha mkono inamkata. Tumia feni ya kusimama. Kila kitanda cha deka, cha juu na cha chini, kinahitaji chandarua chake, kilichochomekwa chini ya godoro.

Kwa kuwa jiko litakuwa kwenye kona ya sebule, mtungi wa gesi usimame wima, kamwe usilazwe wala kuwekwa chini ya kitanda. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, hivyo dirisha la juu haliitoi. Acha upenyo chini ya mlango wa balkoni. Ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira: likitoa mapovu yanayokua, funga, usiwashe. Ukisikia harufu usiku, usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa na vikaa viwili vyekundu. Moshi wake usio na harufu unaua watu usingizini.

Na maji ya akiba, ambayo ghorofani hutaishi bila hayo: kila ndoo, diaba na pipa viwe na mfuniko unaobana. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akichungulia ndoo anaingia kwa kichwa na hawezi kujitoa, hata maji yakiwa kina cha kiganja. Mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la nje, la juu, na beseni la kuogea limwagwe mara tu mkimaliza.