Nilibadilisha andalio la somo, sikubadilisha somo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kwa nini mageuzi ya elimu yanayoletwa kwa nia njema hayaboreshi shule. Nimefundisha shule za msingi huku Nachingwea na Ruangwa miaka 31, sasa nimestaafu. Jibu langu ni kwamba mageuzi hufika kwenye makaratasi ya mwalimu, hayafiki kwa mtoto.

Mtaala wa 2005 ulitaka mtoto aache kukariri, ajifunze kwa kutenda, kwa vikundi. Niliupenda, na hadi leo naamini waliouandika walikuwa sahihi. Lakini mwenzetu mmoja alikwenda semina siku chache, akarudi na makabrasha, akatusimulia ofisini baada ya vipindi. Hayo ndiyo yakawa mafunzo yetu. Darasani kwangu walikuwa watoto 94, wengi wamekaa sakafuni bega kwa bega. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2002 wazazi walileta watoto wote, jambo jema kabisa, ila vyumba havikuongezeka kwa kasi ile, na walimu vilevile. Vikundi ningevipanga wapi?

Nikafanya walivyofanya wengi. Kwenye andalio la somo, palipokuwa na "lengo" nikaandika "umahiri". Mkaguzi akija anakuta kila kitu kipo sawa. Akiondoka, nashika chaki na kufundisha kama nilivyofundishwa mimi. Inaniuma hadi leo, maana wale watoto hawarudi tena darasa la nne.

Mtihani nao ukanisukuma hukohuko. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua majibu, hata Hisabati, ukasahihishwa kwa mashine. Mtaala ulidai mtoto aoneshe njia. Mtihani ulimtaka aweke kivuli kwenye herufi ya jibu. Mzazi anauliza wamefaulu wangapi, na ofisini swali ni hilohilo. (Sijagusa msimu wa korosho, darasa linapobaki nusu kwa sababu watoto wako shamba wanaokota. Kalenda ya shule haijawahi kuliona hilo.)

Mara moja tu niliona mageuzi yakimfikia mtoto. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalipunguzwa, mkazo ukawa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa kuinua ubora wa elimu, EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza. Walimu tulikaa palepale shuleni, tukasoma moduli moja ya mafunzo, tukaijaribu darasani, kisha tukarudi kuambizana ilipotushinda. Mratibu elimu kata alipata pikipiki, kwa hiyo alifika, na alifika tena. Alikuwa haanzi na andalio langu. Anamwita mtoto, anamfungulia kitabu, anasema, "Nisomee hapa." Mtoto akikwama, tunakaa wote watatu kutafuta amekwamia silabi gani. Mwaka ule nilifundisha kweli.

Juzi kijana niliyemfundisha, naye sasa ni mwalimu, alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Huu mtaala mpya ulioanza 2024, vipengele vya andalio la somo vinaandikwaje?"

Nikamjibu marahaba, nikamuuliza darasani ana watoto wangapi.

"Mia moja na wawili, mwalimu."

Mwalimu mstaafu,
Nachingwea, Lindi