Ringi au radiali kwa soketi za nyumbani: jibu kwa anayejenga kidogo kidogo

Mkuu, afadhali umeuliza kabla ya lipu. Kwa wanaoingia sasa: jamaa ana nyumba ya vyumba vitatu, sebule na jiko. Imeshapauliwa, na mafundi wake wawili hawaelewani. Mmoja anataka soketi zote ziwe ringi moja ya waya wa 2.5 (milimita za mraba) na breka ya 32 (ampea). Mwenzake anataka radiali kadhaa, kila moja na breka yake ya 20. Mwenye nyumba anapanga kuongeza chumba cha uani mambo yakiruhusu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, Dar na Pwani, na jibu langu ni radiali. Ila fundi wa ringi hajakudanganya, kwa hiyo nitaeleza sababu zangu.

Radiali inatoka kwenye breka, inapita soketi hadi soketi na kuishia ya mwisho. Ringi inatoka kwenye breka, inazunguka soketi zote, halafu inarudi kwenye breka ileile. Laivu, nyutro na ethi zote zinakuwa na ncha mbili kwenye DB (boksi la breka), na kila soketi inapata umeme kutoka pande mbili. Ndiyo maana waya wa 2.5 unaruhusiwa kukaa nyuma ya breka ya 32: mzigo unatarajiwa kugawanyika. Kwa kanuni za Uingereza, ringi ya namna hiyo inahudumia hadi mita za mraba 100, na radiali ya 20 kwa waya wa 2.5 ni mita za mraba 50.

Mpango huu ni wa Waingereza. Kamati iliyopanga umeme wa nyumba za baada ya vita ilitoa ripoti yake mwaka 1944, wakati shaba ilikuwa adimu na kulikuwa na nyumba nyingi za kujenga. Mwaka 1947 kikatoka kiwango cha BS 1363, yaani plagi ya pini tatu za mraba ambayo sisi, Kenya na Uganda tunaitumia mpaka leo. Ndani ya plagi hiyo kuna fyuzi, na fyuzi ndiyo inayoifanya ringi ikubalike. Breka ya 32 haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani. Unalindwa na fyuzi ya 3 iliyomo kwenye plagi.

Sasa tazama tunavyoishi. Redio, chaja na sabufa nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili. Mtu anachukua kalamu au kijiti, anasukuma tundu la ethi hadi milango ya soketi ifunguke, anachomeka. Plagi ile haina fyuzi. Nyingine zina fyuzi iliyoungua na mtu akaweka uzi wa waya mahali pake. Hapo kati ya waya wa 0.75 na moto kumebaki breka peke yake. Hata 20 ni kubwa kwa waya ule, lakini 32 ni mbaya zaidi. Ujerumani, ambako plagi hazina fyuzi, hawafungi ringi, na breka ya kawaida ya soketi ni ya 16.

Sababu yangu kubwa zaidi ni kwamba ringi ikikatika haikwambii. Kila soketi inaendelea kuwaka kama kawaida. Niliitwa nyumba moja Mbezi, mama mwenye nyumba analalamika kuna harufu ya plastiki kila wakipiga pasi huku birika la umeme likichemsha. Kabla ya hapo fundi mwingine alikuwa ameongeza stoo. Aliukata mzunguko, akaupeleka stoo, hakuurudisha. Soketi zote zilikuwa zinafanya kazi. Nilipozima na kupima kwenye DB, ncha mbili za laivu hazikuwasiliana kabisa. Upande mmoja ulikuwa umebeba jiko na sebule peke yake nyuma ya breka ya 32, na ganda la waya lilikuwa limegeuka kahawia na kuvunjika ukiligusa. Breka haikuwahi kuruka, kwa sababu kwa mujibu wake hapakuwa na kosa lolote.

Nyumba zetu hujengwa kwa awamu. Leo fundi huyu, mwakani mwingine, na mara nyingi hawakutani. Kwenye radiali, fundi wa pili akiongeza soketi mwisho wa njia, breka ya 20 bado inaulinda waya wote. Mzigo ukizidi, inaruka na mtu anajua. Kwenye ringi, usalama wote unategemea kila atakayegusa ajue kuwa ule ni mzunguko na aufunge. Mimi siwezi kumwachia mwenye nyumba deni la namna hiyo.

Hata ringi isiyokatika ina tatizo jiko likiwa karibu na DB. Chukua mzunguko wa mita 50, na vyombo vya jiko vinavuta ampea 30 mahali palipo mita 5 tu kutoka kwenye breka. Umeme hupendelea njia fupi, kwa hiyo asilimia 90, yaani ampea 27, zitapita kwenye zile mita 5. Waya wa 2.5 wa PVC ndani ya paipu ukutani unabeba 24 tu kwenye joto la nyuzi 30.

Na joto letu si 30, hasa paipu zikipita juu ya dari chini ya bati. Kwa nyuzi 40 waya huohuo unashuka hadi kama 21, kwa 50 unafika 17. Hii inagusa radiali pia, na fundi wako wa pili lazima aambiwe. Paipu zikipita karibu na bati, tumia waya wa 4 kwa breka ya 20, au baki na 2.5 na uweke breka ya 16. La sivyo, zipitishe ukutani au chini ya sakafu. Usirundike saketi kadhaa kwenye paipu moja, zinapashana joto.

Ringi ina uzuri wake. Ethi yake ina njia mbili, na waya wa 2.5 unahudumia eneo kubwa kwa breka moja. Kama nyumba imekamilika, haitaongezwa, na fundi ana kipimo na anajua kukitumia, sitaibomoa ringi yake. Lakini ipimwe: ncha mbili za laivu, kisha nyutro, kisha ethi. Mzunguko wa mita 40 wa waya wa 2.5 wa shaba utasoma kama ohm 0.3. Ikisoma juu sana, kuna kiungo kimelegea au waya si shaba halisi. Kwangua ncha kwa wembe, ukiona weupe ndani ya rangi ya shaba, rudisha roli dukani.

Kwa nyumba yako ningefanya hivi: radiali moja ya vyumba, moja ya sebule, mbili za jiko ili birika na pasi visigombanie njia moja na friji. Hita ya maji, jiko la umeme, kiyoyozi na pampu kila kimoja kiwe na waya wake kutoka kwenye DB, havihusiani na soketi. Nunua DB yenye nafasi za akiba. Tofauti ya bei ni ndogo, na chumba cha uani kitapata breka yake bila kugusa njia nyingine. Weka RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 kwa soketi zote, ringi au radiali, na kwanza hakikisha ethi rodi imezikwa kweli.

Muulize fundi leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla ya bei. Paipu zikishalazwa, piga picha kila ukuta kabla ya lipu, na ndani ya mlango wa DB abandike karatasi inayosema breka ipi inalisha nini. Ukiwa na ramani ya nyumba iweke hapa, nitakuonyesha pa kupitisha kila njia.